Uniti Moja Kila Alasiri

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanza saa nne asubuhi. Saa nne na robo umeme umeondoka. Nimetoka na mwavuli kuangalia nguzo: fyuzi ya juu imeungua, kipande chake kinaning'inia. Nimesoma mita za watu miaka thelathini na mmoja, hilo sihitaji kuambiwa na mtu. Nyumba hii ina kaya nne na waya mmoja tu kutoka nguzoni, waya uliofungwa enzi za taa mbili na redio. Leo kila mtu ana pasi, birika, hita ya maji na majivuno.

Mashine ya oksijeni ya mke wangu imelia pii, pii, pii. Nimekwenda kutafuta gari.

Alhamisi, 6 Machi

Tumerudi. Siku tatu amelala wodini kwa hewa ya hospitali. Ile Jumatatu midomo yake ilikuwa rangi ya jivu, na njia nzima alikuwa ananifinya mkono kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mapafu yake yaliliwa na moshi wa mkaa, miaka na miaka ya kupika kwenye jiko la uani.

Fundi aliyepanda nguzo ameniambia bila kunitazama, "Mzee, ikiungua tena msitutegemee wiki hii. Mtaa wa pili uko gizani tangu Jumapili."

Basi nimeapa. Haitaungua tena. Ikiungua, sina uhakika atafika hospitali.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitisha kikao ukumbini, mbele ya sanduku la mita. Ufunguo wa sanduku ninao mimi, na hakuna aliyewahi kuuomba. Wamekuja wote: seremala wa mlango wa pili, mwalimu wa juu aliyezoea kupiga pasi shati moja mara tatu, na yule mshonaji kijana anayekaa peke yake juu ya chumba chetu. Huyu wa mwisho nimempa jina la Bi Kimya. Ukimsalimia anaitikia kwa kidevu.

Nimewaeleza. Mzigo mkubwa wa nyumba hii uko kati ya saa saba na saa kumi alasiri, seremala anapowasha mashine yake ya randa. Hawezi kuranda asubuhi, mbao zinaletwa adhuhuri. Kwa hiyo saa hizo tatu, mtu yeyote asiwashe kitu kizito. Si pasi, si birika, si hita. Waya hauwezi.

Mwalimu amenung'unika lakini amekubali. Seremala akakuna kichwa.

"Mzee wangu, sikatai. Lakini na ile mashine ya Mama je? Ile nayo inakula saa zote."

Watu wote wakanitazama. Sikupenda namna walivyonitazama. Ilikuwa kama vile nimetunga sheria ya kuwabana wao nikajiachia mlango wa nyuma.

"Sheria ni msumeno," nikasema. "Saa saba hadi saa kumi, na mashine ya mke wangu itazimwa. Fyuzi ya nyumba yangu nitaichomoa kwa mkono wangu nikae nayo mfukoni, ili pasiwe na mtu wa kusema."

Daktari alisema hewa yake isipungue saa kumi na tano kwa siku. Siku ina saa ishirini na nne. Ukitoa tatu zinabaki ishirini na moja. Hesabu haina upendeleo.

Seremala akasema, "Basi haya, Mzee," kwa sauti ya chini. Nadhani aliona haya.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi. Mke wangu alisikia. Nilipoingia aliniomba tu nimsogezee mto.

Jumamosi, 8 Machi

Saa saba kamili nimezima mashine, nimechomoa fyuzi. Randa ikaanza kunguruma uani, kelele ya kupasua meno. Siivumilii. Nimekwenda kwa kinyozi kusoma gazeti. Saa kumi nimerudi, nimeirudisha fyuzi. Mke wangu yuko salama, amechoka kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Ukuta wa chumba una ukungu. Leo nimemkuta ameketi kitako mikono magotini, anavuta pumzi kwa mabega.

"Zimebaki dakika ngapi?" akaniuliza.

"Zimekwisha. Saa kumi hii."

"Sikujua saa tatu zina urefu huu," akasema, kisha akacheka ili nami nicheke. Nikacheka.

Alhamisi, 13 Machi

Vidole vyake vina baridi. Kucha zimeanza kuwa rangi ile ya jivu. Binti yetu amepiga simu kutoka huko kwa mumewe, akauliza mama anaendeleaje, mama akamjibu, "Vizuri, baba yako ananitunza kama yai." Nimetoka nje.

Nimefikiria kuvunja lile neno nililosema ukumbini. Lakini nikivunja mimi, kesho mwalimu atawasha pasi, keshokutwa fyuzi ya nguzo itaungua, na safari hii haitakuwa siku tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Habari njema. Mke wangu ameamka mwepesi, na alasiri niliporudi nimemkuta ameketi anachambua mboga, anaimba chinichini. Midomo ina damu. Nimemwambia, "Unaona? Mapumziko yamekufaa. Hata mashine inahitaji kupumzika, sembuse mtu."

"Naona," akasema.

Jumanne, 18 Machi

Anaendelea vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Anaendelea vizuri sana. Lakini nimeona jambo kwenye sanduku.

Huwa nasoma mita zote nne kila asubuhi na kila jioni. Mkono umezoea, siwezi kuuzuia. Mita ya Bi Kimya imepanda. Tangu Jumatatu anakula uniti moja zaidi kwa siku. Si mbili, si nusu. Moja.

Ijumaa, 21 Machi

Nimezisoma saa saba, nikazisoma tena saa kumi. Ni hizo hizo saa tulizokatazana! Uniti moja inaliwa humo humo. Yule binti anatuchezea shere.

Huu si mkono wa cherehani. Mota ya cherehani inashtuka, inanyamaza, inashtuka tena. Friji nayo huwaka na kuzima. Hiki ni kitu cha wati mia tatu na hamsini au karibu na hapo, kinakula mfululizo saa tatu bila kuacha hata kidogo. Ni nini hicho?

Na jambo jingine. Nikitoka getini saa saba, yuko dirishani kwake ananitazama. Anahakikisha nimeondoka.

Jumapili, 23 Machi

Leo hakushona. Jumapili cherehani haigusi. Na bado uniti moja, saa saba hadi saa kumi. Nimejua: anatotolesha vifaranga. Ana mashine ya kutotolea mayai humo chumbani! Ndiyo, joto lile haliachi usiku wala mchana. Ila kwa nini alasiri tu? Labda mchana anazidisha. Sijui mambo ya kuku.

Nimemsimamisha ngazini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mayai bei gani siku hizi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani wa darasa jingine. "Sijui, Mzee. Dukani nadhani wanajua."

Kavu kabisa! Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. "Mwache binti wa watu," akasema. "Usimfuatefuate."

"Wewe una moyo mwepesi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Huyu ndiye atakayetuunguzia fyuzi."

Akaacha kucheka. Akanishika kiganja, akasema, "Baba, hebu niahidi hutamgombeza." Sikuahidi. Niliona ni huruma tu za wanawake.

Jumanne, 25 Machi

Mita yangu imeshuka uniti moja kwa siku tangu sheria ianze. Nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa sanduku: NYUMBA NAMBA MOJA, PUNGUFU UNITI MOJA. Wengine waige.

Ijumaa, 28 Machi

Waya unaoingia nyumbani umeanza kutoa harufu. Leo nimerudi mapema, nimepanda kiti nikaunusa mwenyewe, saa tisa na nusu: raba iliyopata moto. Mvua nje inapiga tangu asubuhi. Nimesimama pale chini ya sanduku, jasho linanitoka. Randa uani na kile kidude cha Bi Kimya juu. Vitu hivyo viwili vinatosha kutuua.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao cha pili. Sikuzunguka mbuyu. Nimesoma tarakimu zake mbele ya wote, siku kumi na tatu, uniti kumi na tatu.

"Sema mwenyewe," nikamwambia. "Ni kitu gani unawasha tukishatoka?"

Mwalimu akaguna. Seremala akatazama viatu vyake. Binti akasimama na kile kipande cha chaki ya kushonea mkononi, anakigeuzageuza.

"Siwezi kusema, Mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi mtu."

"Umeahidi mtu! Mke wangu alale bila hewa, mimi nichomoe fyuzi yangu kila siku ya Mungu, wewe umeahidi mtu! Huna hata haya? Umelelewa na nani?"

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nikiona uniti moja tena, nitamkatia. Seremala akasema, "Mzee, taratibu basi, ni mtoto wa watu," nikamwambia na yeye akae kimya, randa yake ndiyo chanzo cha yote.

Ndani nimemkuta mke wangu ameuelekea ukuta. Nikajua amesikia. Nikasema nimemweka sawa. Kisha akasema, "Nina jambo nataka kukwambia, lakini sitaki uone aibu."

"Aibu ya nini? Anayestahili aibu ni yeye."

Akavuta shuka mpaka kidevuni. Nikazima taa.

Jumapili, 30 Machi

Uniti sifuri. Ameogopa. Nimewaambia: watu wanataka mkono mgumu. Mke wangu leo alasiri amezidiwa kidogo, nadhani ni baridi.

Jumatatu, 31 Machi

Uniti sifuri. Mke wangu hakula. Niliporudi saa kumi alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Nimewasha mashine, nimekaa naye mpaka giza.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika hospitalini, kwenye benchi. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Leo saa saba nilizima mashine, nikachomoa fyuzi yetu, nikaitia mfukoni. Nikaenda kwa kinyozi. Mawingu yakajaa. Saa nane nikarudi kuchukua mwavuli, unaning'inia ukumbini karibu na sanduku. Randa ilikuwa inanguruma. Nikanusa ile harufu. Nikafungua sanduku: mita ya binti inakimbia.

Damu ilinipanda kichwani. Niliichomoa fyuzi yake, nikafunga sanduku kwa ufunguo. Nikasikia kitu kinalia mahali, kisauti chembamba, pii, pii, nikadhani ni ile randa imeshika msumari. Mlango wa chumba chetu ulikuwa umerudishwa. Sikuingia, nisimwamshe. Nilichukua mwavuli nikarudi kwa kinyozi, na nikamsimulia jinsi nilivyomkomesha. Tulicheka. Kinyozi akasema mimi ningefaa kuwa waziri.

Saa tisa na dakika ishirini randa ikanyamaza. Kutoka kwa kinyozi unaisikia vizuri. Nikasema, seremala leo kaacha mapema. Nikageuza ukurasa wa gazeti. Kisha nikajiuliza kwa nini, maana seremala haachi mapema hata akiwa na homa.

Nilikimbia. Nina miaka sitini na mitatu, nilikimbia kwenye matope na mwavuli umefungwa.

Chumbani kulijaa watu. Mke wangu alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, kichwa chake mapajani mwa yule binti. Mpira wa hewa ulikuwa puani, na mashine inanguruma. Niliufuata waya wa mashine kwa macho, maana ndiyo kazi yangu. Ulitoka mlangoni, ukapita ukumbini, ukaenda uani mpaka kwa seremala, pale randa ilipokuwa imechomekwa. Yeye aling'oa randa yake akachomeka hewa. Mlango wa sanduku la mita ulikuwa umebanduliwa kwa patasi.

"Fyuzi hazipo!" seremala alinipigia kelele. "Tumevunja, hazipo! Ziko wapi, Mzee?"

Na dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Waya mwingine, mweupe, ulikuwa unaning'inia kutoka dirisha la juu mpaka kwetu, umefungwa vizuri kwa kitambaa cha maua ili usichubuke.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wati mia tatu na hamsini, mfululizo, saa tatu. Nimelala kando ya mashine ile miaka miwili. Ningeitambua mita ya mtu yeyote mjini kwa kuitazama, na hiyo sikuitambua.

Kwenye gari binti alinisimulia, analia. Mke wangu ndiye aliyemwita, ile wiki ya pili, kwa kugonga dirisha na fimbo ya pazia. Nikitoka getini binti anateremsha waya, saa kumi kasorobo anaupandisha. Baada ya kikao alikataa, aliogopa. Leo mke wangu aligonga tena. Hakuweza kuongea, aligonga tu. Binti akateremsha waya, akaona mke wangu amepata hewa, akaenda kumpelekea mteja nguo. Aliporudi akakuta kwake hakuna umeme.

"Mama alitaka kufika mlangoni atuite," akasema. "Na ile randa, nani angesikia?"

"Mbona hukuniambia? Nilikutukana mbele ya watu, mbona hukuniambia?"

"Mama alisema wewe umetoa neno mbele ya watu. Alisema neno lako lisianguke kwa ajili yake."

Nimetia mkono mfukoni kutafuta leso. Nimekuta fyuzi mbili. Mke wangu alikuwa na njia mbili za kupata hewa, na zote mbili nilikuwa nazo kwa kinyozi.

Alhamisi, 3 Aprili

Hajazinduka vizuri.

Ijumaa, 4 Aprili

Amefungua macho. Ameuliza kama binti ametukanwa tena. Nimemfunika miguu.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari ameniita pembeni. Kuanzia sasa ni saa zote ishirini na nne. Mapafu yamerudi nyuma na hayatapata tena yalichopoteza. Getini hatafika kwa miguu. Akaniuliza, "Mzee, alikaa bila oksijeni muda gani?" Nikamtajia mpaka dakika. Nilizijua zote.

Nikamwuliza na mimi: kama ningemnunulia jiko la umeme zamani zile, badala ya mkaa? Kila mwaka aliniomba, kila mwaka nikampigia hesabu ya linavyokula. Daktari alinishika bega tu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumerudi nyumbani. Nimeitisha kikao cha tatu, cha mwisho kwangu. Nimesema: nilimkosea binti huyu mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu. Yeye akaitikia kwa kidevu, halafu akasema, "Yameisha, Mzee," halafu akalia, na mwalimu naye akalia, mtu mzima na pasi yake.

Seremala amesema atahamishia randa kwa rafiki yake mpaka mvua ziishe. Nikamwambia ni mbali, atapata hasara. Akasema, "Mzee wangu, ile siku ungeniambia tu hapana. Ungesema, mke wangu haguswi. Nani angekubishia?"

Nani kweli. Seremala ameurudishia mlango wa sanduku, nami nimefuta ile chaki. Ufunguo nimempa mke wangu, ameutia chini ya mto.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Mita yetu: uniti tisa. Ni nyingi kuliko siku yoyote tangu nihamie nyumba hii. Nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Alhamisi, 17 Aprili

Siendi tena kwa kinyozi. Saa saba hadi saa kumi nakaa kitini kando yake, ananitania. Leo kasema eti nimeanza kunenepa kwa kukaa. Anakula, anacheka, ananiita msoma mita kama zamani tulipochumbiana. Amenisamehe, amesema kwa mdomo wake na najua hasemi uongo.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imekatika. Leo alasiri tulikuwa tunazungumza habari za binti yetu, anakuja na mjukuu mwisho wa mwezi. Mke wangu alikuwa katikati ya kucheka. Nikainama kuokota kandambili zangu, huwa naziweka pale ukutani chini ya soketi. Mkono wake ukaruka, ukashika waya wa mashine. Aliukamata kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe.

Hakujua kama amefanya hivyo. Aliendelea na hadithi ya mjukuu, na mimi nikaendelea kusikiliza, nimeinama vile vile, mpaka vidole vikalegea vyenyewe.

Kandambili nimezihamishia upande wa mlango.